Bane si nane: namna mashini ilivyojifunza kusikia

Mama mmoja mwenye kukimbia vita aliniambia kambini: "Niko na batoto bane." Nilirekodi maneno yake kwa simu. Jioni nikapitisha sauti ile katika programu ya kompyuta yenye kugeuza maneno kuwa maandishi. Ikaandika: "watoto nane." Kama ningetuma habari bila kusikiliza tena, mama yule angeonekana mwongo mbele ya wenye kuhesabu familia kwa ajili ya chakula.

Kwa nini mashini ilikosea? Jibu liko katika historia yake.

Mwaka 1952, kwenye maabara ya Bell huko Marekani, wataalamu walitengeneza mashini yenye jina Audrey. Ilitambua tarakimu tu, toka sifuri mpaka tisa, zikisemwa moja moja. Ilimsikia vizuri mtu ambaye ilirekebishwa kwa sauti yake. Akija mwingine, makosa yaliongezeka. Mwaka 1962 kampuni ya IBM ilionyesha Shoebox, yenye kutambua maneno 16. Mwaka 1976 Harpy, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilifikia maneno 1,011.

Wakati huohuo, kikundi cha Frederick Jelinek kule IBM kilichukua njia nyingine. Badala ya kuifundisha mashini kanuni za sarufi, kiliifanya ihesabu: sauti hii mara nyingi huwa neno gani, na neno hili mara nyingi hufuatwa na lipi? Njia hiyo ndiyo ilishinda. Mwaka 1990 programu ya DragonDictate iliuzwa dola 9,000, na mtu alipaswa kusimama kidogo baada ya kila neno. Mwaka 1997 ikaja Dragon NaturallySpeaking, na watu wakaweza kusema mfululizo.

Lakini mashini yenye kujifunza kwa kuhesabu humsikia vizuri yule aliyerekodiwa sana. Google ilipoongeza Kiswahili katika kuandika kwa sauti, Agosti 2017, kilikuwa Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Programu ya Whisper, iliyotoka mwaka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa za kuandika lugha 96 zisizo Kiingereza, zote pamoja, zilikuwa 117,000 tu.

Basi ikisikia "bane", neno ambalo haikulizoea, mashini haisemi "sijaelewa". Inachukua neno la karibu inalolijua, inaliandika bila aibu. Ndivyo wanne wanakuwa nane.

Sisemi tuitupe. Inaniokolea saa nyingi za kuandika. Ila sisi waandishi tusikilize tena kila namba, kila jina la mtu na la kijiji kabla ya kutuma. Na ninyi ndugu zetu mlioko kambini, mkihojiwa, mtaje idadi kwa kuhesabu majina: huyu, huyu, huyu na huyu. Kisha mumuombe aliyewauliza awasomee alichoandika. Hiyo ni haki yenu.

Ya mama yule niliisahihisha usiku uleule: watoto wanne.