Mchezaji Asiye na Kadi

Ndugu zangu, sisi wa kambini tunajua: bila kadi, jina lako halisomwi. Marekani nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Kati ya 1909 na 1911, kampuni ya tumbaku ilitia picha za wachezaji wa besiboli kwenye pakiti za sigara, kadi zaidi ya 500. Ya Honus Wagner leo inauzwa kwa mamilioni ya dola. Lakini John Henry Lloyd, aliyecheza nafasi ileile na kulinganishwa naye, hayumo. Kosa lake? Ngozi nyeusi tu; ligi kubwa zilimfungia mlango. Alifariki 1964. Jumba la Mashujaa wa besiboli likamwingiza 1977. Heshima ilimkuta kaburini. Wetu wenye vipaji tuwaandike wangali hai.