Merikani Njiani Kibwezi: Jina la Nchi Kuwa Jina la Kitambaa

Aghalabu nomino za pekee hutenganishwa na nomino za kawaida kwa kigezo cha herufi kubwa. Kigezo hicho hakimfai mhariri wa miswada ya kale ya Kiswahili, kwani hati za Kiarabu zilizotumika kuiandika hazina herufi kubwa wala ndogo. Makala haya yanadai kwamba mpaka huo hauna budi kutafutwa katika upatanisho wa kisarufi na katika historia ya kitu chenyewe. Mfano wetu ni neno merikani, na mahali petu ni Kibwezi, Makueni.

Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kikaitwa kwa jina la kwao: amerikani, au merikani. Hapo jina lilikuwa bado la pekee, maana lilitaja kitokako kitu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) viliipunguza mno bidhaa hiyo, na pengo likazibwa kwa vitambaa vya Uingereza na Bombay. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wajapani nao wakaliteka soko. Jina halikubadilika. Kwa maoni yetu, ni hapa neno lilipogeuka nomino ya kawaida, wala si siku lilipobuniwa: merikani ya Japani haikumshangaza mnunuzi yeyote.

Kibwezi ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Mombasa kwenda Machakos na Uganda. Mwaka 1891 James Stewart alianzisha hapo misheni ya Waskoti, kwa msaada wa Sir William Mackinnon na wenzake. Malaria ikawasumbua, na mwaka 1898 misheni ikahamia Kikuyu. Kabla ya sarafu kuenea, misafara ilinunua chakula kwa nguo, shanga na nyaya. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. (Mkono wa nani, hilo lilikuwa shauri jingine.) Muuza mtama hakuhitaji kujua Salem iko wapi, alihitaji kujua urefu na uzito wa kitambaa. Waliolifanya neno kuwa la kawaida, basi, ni wapagazi na wauza nafaka, si mabaharia wa Marekani ambao historia za biashara huwapa sifa yote. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Kibwezi, ikafika Nairobi mwaka 1899, ikamtua mpagazi mzigo wake. Neno likabaki madukani.

Linganisha na Firauni. Jina hilo la mfalme wa Misri limezaa mfirauni na ufirauni. Viambishi vyenyewe vinatangaza mabadiliko. Merikani haikupewa kiambishi. Iliingia ngeli ya I-ZI ikiwa kama ilivyo, na kwa sababu hiyo humlaghai mhariri: katika umoja, nchi na kitambaa hupatanishwa sawa. Atazame wingi na vipimo. “Merikani zimekwisha” ni kilio cha mwenye msafara aliyeishiwa nguo. “Wamerikani wamekwisha” ni habari nyingine kabisa. Na penye jora, doti au shuka karibu na neno, herufi kubwa ni kosa la mhariri, si la mwandishi.