Mwanzi wa Milima ya Kahawa

Januari 25, 1999, muda mfupi baada ya saa saba mchana, ardhi ilitikisika katika eneo la kahawa magharibi mwa Kolombia. Tetemeko hilo la ukubwa wa 6.2 lilibomoa sehemu kubwa ya mji wa Armenia na kuua watu zaidi ya 1,000. Wahandisi walioingia kukagua maafa walikuta majengo mengi ya matofali yasiyo na nondo za kutosha yamelala chini. Pembeni yake, nyumba nyingi kuukuu za mianzi na udongo zilikuwa bado zimesimama, lipu imepasuka lakini kuta zimeshikilia. Zilizoanguka mara nyingi zilikuwa zile ambazo mianzi yake ilishaoza kwa unyevu au kuliwa na wadudu.

Nyumba hizo Wakolombia huziita bahareque, na ndizo zilizojenga eneo hilo. Walowezi kutoka Antioquia walioanzisha Manizales mwaka 1849, na baadaye Armenia mwaka 1889, walikuta mabonde yamejaa guadua, mwanzi mnene unaoweza kufikia mita 20 ndani ya miezi michache na kukomaa kwa ujenzi ukiwa na miaka minne hadi sita. Walisimamisha fremu ya guadua, wakapigilia pande zote mbili mianzi iliyopasuliwa na kutandazwa, kisha wakakandika udongo uliochanganywa na samadi. Aliyekulia katika nyumba ya fito na udongo huku kwetu angeutambua ukuta huo mara moja, ila wa kwao mara nyingi huachwa na uwazi katikati, hivyo ni mwepesi zaidi.

Wepesi huo ndio siri yenyewe. Tetemeko hulisukuma jengo kulingana na uzito wake: ukuta mzito hupata msukumo mkubwa, ukuta mwepesi hupata mdogo, na mwanzi hupinda kabla ya kuvunjika. Mafundi wa Manizales, mji uliokaa juu ya mgongo wa mlima, walilijifunza hilo kwa matetemeko ya karne ya 19. Wakazoea kujenga ghorofa ya chini kwa udongo mzito ulioshindiliwa, na ya juu kwa bahareque.

Adui aliyewashinda alikuwa moto. Mwaka 1925, na tena mwaka 1926, katikati ya Manizales paliteketea, na kanisa kuu likaungua. Lililojengwa badala yake likawa la zege. Kuanzia hapo saruji ikawa alama ya maendeleo, na guadua ikasukumwa pembezoni, ikawa ya mabanda ya kahawa, majukwaa ya mafundi na vibanda vya waliokosa uwezo. Hasara ya mtazamo huo ilikuwa kubwa, kwani ujuzi uliokuwa mikononi mwa mafundi ulikaribia kufa nao.

Waliouokoa walikuwa wachache. Msanifu Óscar Hidalgo López alitumia maisha yake kuuchunguza mwanzi, na mwaka 1974 alitoa kitabu kuhusu kilimo na matumizi yake. Simón Vélez, mzaliwa wa Manizales, alishika tatizo lililowasumbua wajenzi kwa vizazi: viungio. Mwanzi una nguvu kubwa kwa urefu wake, lakini ndani ni mtupu. Ukiupiga msumari hupasuka. Ukiukaza kwa bolti, kuta zake hubonyea. Vélez alitoboa tundu kwenye pingili inayopitiwa na bolti, akaijaza chokaa ya saruji. Ikiganda, bolti hushika kitu kigumu, na kiungio huweza kuvutwa bila kupasua mwanzi. Ni ubunifu mdogo kwa kuutazama, lakini ndio uliowezesha mapaa mapana ambayo hakuna fundi wa bahareque aliyewahi kuyathubutu.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Ujerumani. Shirika la ZERI lilimtaka Vélez ajenge banda la maonyesho ya dunia ya Hannover ya mwaka 2000. Mamlaka za ujenzi za Ujerumani hazikuwa na kanuni za kupimia mwanzi, hivyo zilidai uthibitisho. Jibu lilikuwa kujenga kwanza banda zima, lenye upana wa mita 40, kule Manizales. Wahandisi wa Kijerumani wakalipakia mizigo na kupima lilivyopinda. Lilipofaulu, kibali kikatolewa, na mafundi wa Kikolombia wakaenda kulijenga la pili Hannover. Lile la pili lilibomolewa baada ya maonyesho. La kwanza lilibaki Manizales.

Nyumbani, vifusi vya Armenia vilikuwa vimeshafanya kazi ya ushawishi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kanuni za Kolombia za majengo yanayostahimili tetemeko ziliingiza bahareque iliyopigwa lipu ya saruji, na toleo la mwaka 2010, NSR-10, likaipa guadua sura yake: jinsi ya kuchagua mwanzi uliokomaa, kuukausha na kuukinga na wadudu, na kukokotoa viungio. Kanuni ya kimataifa ISO 22156, iliyotoka mwaka 2004, ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2021. Toleo hilo linahusu majengo ya ghorofa moja au mbili, yasiyozidi mita 7 kwenda juu. Mhandisi anayetaka kuvuka hapo bado inabidi afanye kama walivyofanya Manizales: ajenge, apakie mizigo, apime.