Bamba la Kitambaa na Resini ya Fenoli

Bamba la kitambaa na resini ya fenoli ni malighafi ngumu na nyepesi, aghalabu ya kahawia. Vitambaa vya pamba huloweshwa resini, hupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha hubanwa kwa joto na shinikizo kubwa. Resini ikishagandamana haiyeyuki tena.

Chimbuko lake ni Bakelite, resini ya fenoli iliyobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mkemia Mbelgiji aliyehamia Marekani. Kampuni ya Westinghouse ikafuata na bamba lake la Micarta, kwanza kama kihami umeme.

Ubora wake huonekana hasa ndani ya bearingi za mashine za kasi za kukereza chuma. Kizimba kinachotenganisha gololi mara nyingi huchongwa kutokana na malighafi hii: ni chepesi, hakiparuzi gololi, na hushika mafuta. Joto likizidi takriban nyuzi 120 za Selsiasi, huanza kudhoofika. Giya za malighafi hii nazo hupunguza kelele.

Kwa vipuri vidogo, kitambaa cha uzi mwembamba ndicho bora, kwani kingo hutoka safi. Unyevu huivimbisha malighafi hii, hivyo vipimo vya usahihi havidumu majini. Anayeitoboa kwa keekee huweka ubao nyuma yake ili tabaka zisibanduke, na avae barakoa: vumbi lake hudhuru mapafu.