Nguo za Watoto Katika Picha za Wazee Wetu



Tulipokuwa tukitayarisha kitabu hiki cha miaka 10 tuliambizana kila mmoja alete picha ya zamani ya kwao. Wapo walioleta za mjini, lakini nyingi zilikuwa za shamba: Makunduchi, Jambiani, Bumbwini, Mkokotoni. Tukazitandaza juu ya jamvi, tukakaa nazo kutwa nzima. Kilichotushika ni nguo za watoto. Basi tukaona tuziandikie habari zake, maana ndani yake mna historia yetu.

Kupiga picha Unguja ni jambo la zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwapo hapa mjini studio ya A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Picha nyingi za mwanzo ziliuzwa kwa wageni, zikiwa kadi za posta. Utamuona mtoto wa shamba na kipande cha nguo kiunoni, na chini wameandika kabila lake au kazi yake. Jina hakuna. Kumbe alikuwa na jina, na mama alikuwa naye.

Zama za bibi zetu wakubwa watu wa shamba wakivaa merikani na kaniki. Merikani iliitwa hivo kwa kuwa ililetwa na meli za Marekani, hasa kutoka mji wa Salem. Ilikuwa nguo ya bei nafuu, na ndiyo waliyovishwa watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walijinunulia kanga, mtu asiweze kuwatambua kwa nguo kuwa walikuwa watumwa. Tangu hapo nguo kwetu si pambo tu, ni heshima. Na mama aliyeipata heshima kwa taabu hataki mwanawe aikose.

Sasa tazameni picha zetu wenyewe. Wavulana wana kanzu na kofia, au shati na kaptura. Wasichana wana gauni za marinda, nywele zimesukwa, macho yamepakwa wanja, na wengi wao miguu chini. Ukitazama sana utaona gauni la dada na shati la kaka ni kitambaa kimoja. Mama alinunua mara moja, akampelekea fundi cherehani awakatie wote. Tena angalia chini ya gauni, utaona mstari. Hapo ndipo palipokuwa na upindo. Uliachwa mpana makusudi, mtoto akirefuka unashushwa. Gauni moja lilikula Idi tatu, kisha likarithiwa na mdogo mtu.

Lakini tusidanganyike. Hizo zilikuwa nguo za Idi. Siku nyengine watoto walishinda na kaptura ya viraka au kanga kuukuu iliyofungwa shingoni.

Na pesa zikitoka wapi? Baba alikuwa na nazi zake au samaki wake. Mama wa pwani ya kusini alikuwa na makumbi. Akiyafukia pwani miezi kadhaa, akiyafukua, akiyapiga, halafu akisokota kamba. Mikono ikichubuka. Kamba hizo ndizo zilizogeuka gauni.

Ipo picha moja ilitunyamazisha. Watoto wanne, Idi ya miaka ya sabini. Watatu wamevaa kitambaa kimoja cha maua. Wa nne, mkubwa wao, amesimama nyuma, amejifunika kanga mpaka shingoni. Mwenzetu mmoja akasema, "Huyo ni mimi." Pesa za kamba zilitosha watoto watatu tu. Mama yake akamwambia, mwanangu, wewe mkubwa, simama nyuma ujifunike, mwakani Inshaallah. Tulimuuliza kama anaona haya picha hiyo kutiwa kitabuni. Akajibu: "Itieni. Mama yangu hakuninyima, hakuwa nacho. Na chini yake liandikwe jina lake, si langu." Tumefanya kama alivyotaka.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki. Wanawake walipata pesa mkononi mwao wenyewe, na wengi kitu cha kwanza walichonunua ni nguo za watoto na sare za skuli. Bei ya mwani nayo haikukaa pazuri, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba kupata ni jambo moja na kuweka ni jambo jengine. Haba na haba hujaza kibaba. Mikopo yetu mingi ya mwanzo ilikwenda kwenye sare na nguo za Idi. Wapo waliotucheka, ati tunakopa vitambaa. Waliotucheka hawakuwahi kusimama nyuma.

Ombi letu ni moja. Kila mwenye picha nyumbani aende kwa bibi au shangazi leo hii, aulize huyu nani, na huyu nani, aandike majina nyuma kwa penseli. Wanaowajua watoto hawa wanapungua kila mwaka. Wasije wajukuu zetu wakawaona kama wale wa kadi za posta, watoto wasio jina.