Wazungu wana huruma? Kisa cha akina mama wa Grunwick

Sisi huku London tupo, jua tunaliona kwa mgao kama umeme, lakini afya tunayo, tunamshukuru Mungu.

Kila nikipiga simu kuna kauli haiishi. Nikisema niliugua nikakaa nyumbani wiki nzima na mshahara ukaingia kama kawaida, au nikisema bosi wangu hawezi kunifukuza kwa sababu tu kaamka vibaya, jibu ni lile lile: "Ama kweli wazungu wana huruma!" Leo naomba niwajibu kwa kirefu kidogo. Huruma haihusiki hapa. Haki nyingi ninazozifaidi kuna watu walizigombania, na baadhi yao walitokea kwetu Afrika Mashariki. Tena walikuwa akina mama!

Tuanzie nyumbani. Mnakumbuka hadithi za wazee kuhusu Wahindi waliofunga maduka wakaondoka. Kenya ilitunga sheria mwaka 1967 iliyowabana wasio raia. Kwetu Tanzania nyumba za kupangisha zilitaifishwa mwaka 1971. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Wengi walikuwa na pasi za Uingereza, wakaja huku. Na huku hawakupokelewa kwa maua. Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia kwa siku chache tu, na mwezi uliofuata makuli wa bandari ya London waliandamana kumuunga mkono Enoch Powell, mbunge aliyekuwa akihubiri kwamba wageni wataiharibu nchi.

Basi yule aliyekuwa anaitwa "mama" na "bosi" dukani kwake Kampala au Dar es Salaam, huku akawa kibarua wa kiwandani. Mmoja wao ni Jayaben Desai. Alizaliwa Gujarat mwaka 1933, akaja Tanganyika mwaka 1956 kwa mumewe, na mwishoni mwa miaka ya 1960 familia ikahamia London. Mwanamke mfupi, futi 5 hafiki. Alishona nguo, kisha mwaka 1974 akaingia Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha kule Willesden, kaskazini magharibi mwa London. Enzi hizo watu walituma filamu zao kwa posta, picha zikarudi kwa posta. Hilo la posta likumbukeni, nitalirudia.

Wafanyakazi wengi wa pale walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki, na wengi wao wanawake. Mshahara ulikuwa kama pauni 28 kwa wiki, wakati mwanamke wa kazi za mikono London kwa wastani alipata kama pauni 44. Ovataimu ilikuwa lazima, na unaambiwa dakika za mwisho wakati watoto wanakusubiri nyumbani. Hata kwenda chooni ni mpaka uombe ruhusa. Jamani, mimi kama nesi nawaambia, kubana mkojo saa nyingi si jambo dogo. Unakaribisha maambukizi ya kibofu, na kwa mjamzito yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Lakini nadhani aibu iliwauma zaidi, mtu mzima kunyoosha mkono kama mtoto wa shule ya vidudu.

Sasa hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Sheria zilikuwepo! Ubaguzi wa rangi kazini ulikatazwa mwaka 1968. Sheria ya malipo sawa kwa wanawake na wanaume ilipitishwa mwaka 1970 na kuanza kutumika mwisho wa 1975. Kwenye karatasi kila kitu kizuri. Karatasi haikuingia getini Grunwick.

Tarehe 20 Agosti 1976 kijana mmoja alifukuzwa kwa madai kwamba anafanya kazi polepole. Siku hiyo hiyo Jayaben alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani, akaamriwa abaki ovataimu. Akakataa. Akamwambia meneja kwamba hiki si kiwanda ni bustani ya wanyama, na kwenye bustani wapo nyani wa kucheza ukipiga vidole, lakini wapo na simba wa kukung'oa kichwa, na sisi ndio hao simba. Akatoka na mwanawe wa kiume. Ndani ya siku chache waliotoka walifika 137, na mwenye kampuni, George Ward, akawafukuza wote. Wakajiunga na chama cha wafanyakazi kilichoitwa APEX, wakaanza kusimama getini kila siku, na sari zao ndani ya makoti, mvua na baridi.

Miaka miwili tu kabla, mwaka 1974, Wahindi wa kiwanda cha mashine za chapa mjini Leicester waligoma na viongozi wa chama chao wenyewe wakawageuzia mgongo. Safari hii mambo yalikuwa mengine. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood, wazungu watupu karibu wote, walikataa kugusa barua za Grunwick. Mnaona posta ilivyokuwa roho ya kile kiwanda? Wachimba makaa ya mawe wakaja kwa mabasi kutoka Yorkshire. Tarehe 11 Julai 1977 watu kama 20,000 walijaa Willesden, na kati yao walikuwepo makuli wa bandari ya London. Ndiyo, makuli wale wale wa 1968! Miaka tisa tu imepita, sasa wanamfuata mama wa Kihindi. Polisi walikamata zaidi ya watu 500 katika mgomo ule.

Walishinda? Hapana, sitawadanganya. Tume ya jaji Scarman ilipendekeza warudishwe kazini, Ward akakataa. Desemba 1977 mahakama ya juu kabisa ikampa yeye ushindi. Vyama vikubwa vikaanza kupoa, na Novemba ile Jayaben na wenzake walikuwa wamegoma kula mbele ya makao makuu ya vyama vya wafanyakazi. APEX ikawasimamisha uanachama! Jayaben alisema msaada wa vyama ni kama asali kwenye kiwiko: unainusa, unaiona, ulimi haufiki. Julai 1978 mgomo ukaisha bila mtu kurudishwa kazini. Mwaka 1980 serikali ya Thatcher ikatunga sheria ya kuwazuia wafanyakazi kwenda kusimama getini kwa wengine.

Sasa kwa nini nawaambia hadithi ya walioshindwa? Kwa sababu baada yao haikuwa rahisi tena kusema wanawake wa kigeni ni wanyonge, hawajui kudai. Vyama vilivyokuwa vinatuona sisi wahamiaji kama tatizo vilijifunza kutuita wanachama. Mimi nikiingia kwenye mkutano wa chama chetu kazini, mweusi na lafudhi yangu ya Bongo, nakuta kiti. Kiti hicho kuna mtu alikilipia kwa miaka miwili ya baridi, na yeye mwenyewe hakukikalia. Jayaben alifariki Desemba 2010.

Kwa hiyo msiseme wazungu wana huruma. Na kabla hatujamcheka Ward, tujiulize na sisi: hausigeli wa nyumbani kwetu analala saa ngapi? Mwezi akiugua, mshahara wake unaingia? Ruhusa ya kwenda kwao msibani anaiomba mara ngapi? Yeye hana hata geti la kusimama na wenzake 136.

Naishia hapa, zamu ya usiku inanisubiri. Msalimieni bibi, na dada wa kazi naye msalimieni kwa jina lake. Tuombeane uzima.