Shaba ile ile, uso mwingine

Mwaka 1985, Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walipitisha umeme kwenye vipande vya metali vilivyozamishwa katika maji ya bikaboneti yaliyojazwa hewa ukaa, wakapima kilichotoka. Dhahabu na fedha zilitoa kaboni monoksaidi. Bati na risasi zilitoa fomati. Chuma na nikeli ziliishia kutoa haidrojeni ya maji tu. Shaba peke yake ilitoa methani kwa wingi, na muda si mrefu ikajulikana kwamba hutoa pia ethilini, malighafi ya plastiki. Tangu hapo historia ya fani hii husimuliwa kama msako wa metali bora, na hapo ndipo inapopotoshwa. Zaidi ya miongo mitatu imepita na anayetaka ethilini bado anashika shaba. Kilichobadilika ni uso wake: jinsi fuwele zake zilivyoungana, usafi wake, na njia ambayo gesi inaufikia.

Tuanze na usafi, maana ulisumbua watu kwa miaka mingi. Shaba ilifanya kazi vizuri kwa dakika chache, kisha methani ikapungua na haidrojeni ikachukua nafasi. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba shaba yenyewe ndiyo inayochoka. Mwaka 2005 Hori alionyesha kwamba lawama iko kwingine: chuma na zinki, kwa kiasi kidogo mno, zilikuwamo ndani ya kemikali za maabara na zilikuwa zikiganda juu ya elektrodi. Maji yaliposafishwa kwanza kwa umeme, shaba ile ile ilidumu. Kwa maoni yangu kazi hii ya uvumilivu ina uzito kuliko matangazo mengi ya vichocheo vipya.

Kisha likaja umbo. Mwaka 2012, Christina Li na Matthew Kanan wa Stanford walichoma shaba hewani kwa nyuzi 500 za Selsiasi hadi ikavaa tabaka nene la oksaidi, halafu wakairudisha kuwa metali kwa umeme. Uso uliobaki ulikuwa msongamano wa fuwele ndogo ndogo, na ulipunguza volti za ziada zinazohitajika kwa takriban nusu volti. Mwenye shaka atasema hakuna ajabu hapo: uso wenye mikunjo una eneo kubwa, basi mkondo unaongezeka. Hoja hiyo ina nguvu, na ilijibiwa mwaka 2014. Kundi la Kanan lililisha elektrodi kama hiyo kaboni monoksaidi, ikatoa ethanoli na bidhaa nyingine za kimiminika kwa ufanisi uliofikia asilimia 57 ya umeme. Vumbi la shaba la dukani, lenye fuwele za ukubwa karibu sawa, katika mazingira yale yale lilitoa haidrojeni kwa asilimia 96. Kumbe udogo peke yake hautoshi. Dalili zinaelekea kwenye mipaka ya fuwele, pale zinapoungana bila kulingana, ingawa eneo na mabadiliko ya alkali karibu na uso navyo vina mchango wake.

Likabaki suala la njia ya gesi, na hapo pingamizi zito zaidi ni la hesabu. Mwaka 2018 watafiti wa Toronto walipeleka gesi moja kwa moja kwenye tabaka jembamba la shaba ndani ya alkali kali, wakapata ethilini kwa ufanisi wa asilimia 70. Lakini alkali huinyakua hewa ukaa na kuifanya kaboneti: kati ya molekuli 8 zinazotumika, 2 tu ndizo zinazokuwa ethilini. Kuitoa tena gesi iliyonaswa kunakula nishati nyingi, na aliyeuliza faida iko wapi hakukosea. Jibu la mwaka 2021, kutoka Toronto tena, lilikuwa kuendesha kazi ndani ya asidi kali, juu ya shaba iliyofunikwa tabaka la kukusanya ioni za potasiamu, na asilimia 77 ya hewa ukaa ikatumika katika mpito mmoja. Asidi hiyo ilikuwa na pH chini ya 1, mazingira ambayo kwa kawaida haidrojeni ingeshinda.